Kimpira cha Valvu na Magunia ya Mchele

Kwetu Kabambare baiskeli haipandwi sana, inasukumwa. Mtu hufunga kijiti kirefu kwenye usukani na kingine nyuma ya kiti, hupanga magunia ubavuni na jingine juu, kisha hutembea kando yake, mkono mmoja ukiongoza na mwingine ukizuia mzigo usilale. Mchele wetu, karanga zetu na mawese yetu hufika Kasongo kwa namna hiyo, na chumvi, sabuni na vitenge hurudi kwa namna hiyo hiyo. Lori hupita pale barabara na madaraja yanapokubali. Mwenye karo ya watoto ya kulipa hawezi kungoja daraja.

Njia yenyewe ni kongwe. Misafara ya akina Tippu Tip ilipita hapa ikitoka Ziwa Tanganyika kwenda Kasongo na Nyangwe, mizigo ikiwa vichwani mwa watu. Livingstone alifika Septemba 1869, akaandika jina la mahali hapa Bambarre. Mwaka uliofuata alilazwa hapa miezi kadhaa na vidonda vya miguu, hata Februari 1871 ndipo akaweza kuondoka. Yeye alizuiwa na miguu. Sisi tunazuiwa na upepo, maana tairi la nyuma likilegea chini ya magunia, ukingo wa gurudumu hugonga jiwe, mpira wa ndani hukatika pande mbili, na mwenye mchele hulala porini akilinda mali yake.

Ndiyo sababu katika nyumba yenye baiskeli, pampu huwekwa ndani pamoja na nguo za sikukuu. Yetu ni ile ya kusimama, ya kukanyaga kitako chake kwa miguu na kusukuma mpini kwa mikono miwili. Niliirithi kwa baba yangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa fundi wa taa za karabai. Zamani kabla ya paneli za jua, hakuna arusi wala maulidi yaliyofanyika mtaani kwetu bila taa alizozishika yeye. Mimi binti yake wa kwanza ndiye niliyemshikia koleo. Taa ya karabai na pampu ya baiskeli zina tumbo moja: ndani mna kikombe cha ngozi kilichofungwa kwenye ncha ya mti wa chuma, mdomo wake umeelekea chini. Ukisukuma, upepo huingia katika kile kikombe, hukipanua, na kingo zake hubana ukuta wa silinda pasibaki pa kupenya. Ukivuta, kingo hulegea na upepo mpya hupita pembeni. Chini kabisa kuna valvu inayofunguka upande mmoja tu, ili ulichokwisha kuingiza kisirudi.

Basi, siku moja msafara wa baiskeli ulikuwa uondoke alfajiri iliyofuata. Watu hapa hawaendi mmoja mmoja kwa sababu ya usalama wa njia; anayechelewa msafara hungoja mwingine, na mwingine hauna tarehe. Mchele ulikuwa wangu, nilioulima na kuutwanga na wanawake wenzangu wa mtaa. Wa kuusukuma alikuwa shemeji, mdogo wa mume wangu, ambaye alikuja mapema na kamba zake, akala bugali na sombe, akalala kidogo chini ya mwembe.

Wakati amelala, mwanangu wa tatu alikuwa nyuma ya jiko anatengeneza bunduki.

Alikuwa ameichukua pampu. Alikuwa amekata kipande cha mpira wa ndani uliozeeka, chenye shina la valvu katikati, akafunga upande mmoja kwa uzi wa katani na upande wa pili akauvika kwenye bomba fupi la chuma. Ndani ya bomba alitia kizibo alichokichonga kutoka kandambili iliyokatika, akakitoboa kwa msumari na kukifunga kamba. Mpango wake ulikuwa hivi: ajaze upepo katika ule mpira mpaka uvimbe, atie kipande cha muhogo mbichi mdomoni mwa bomba, avute kamba, kizibo kitoke, upepo wote upige muhogo kwa pamoja. Mtoto wa darasa la sita, na hakuna aliyemfundisha. Shina la valvu lilikuwa tupu ndani, kwa hiyo alifungua gurudumu la nyuma la baiskeli yangu, akachomoa kiini cha valvu pamoja na kimpira chake, akakihamishia kwenye bunduki. Na kwa kuwa pampu ilimpa upepo hafifu, aliifungua nayo, akaitazama, akaifunga tena.

Kizibo hakikungoja kamba. Kilikaa vibaya kwenye bomba, kikawa kinavujisha upepo kidogo kidogo, kisha kikachoka. Muhogo ukatoka na mshindo, ukampiga mbuzi wa bibi yake ubavuni. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza ambayo juu yake huyo bibi, mama mkwe wangu, alikuwa ameweka beseni la mawese, tayari kuyatia katika bidoni. Meza ikaenda na mbuzi. Beseni likashuka peke yake.

Nilipotoka ndani niliona ua wote mwekundu. Pampu ilikuwa imelala ndani ya mafuta, na bunduki kando yake, na mtoto amesimama katikati akiwa ameshika kamba.

“Mwanangu,” bibi akamwambia, wala hakupaza sauti, “hayo mafuta yalikuwa ya watu.”

Shemeji akaamka. Kabla sijasema neno, alikwisha kuchomoa kiini cha valvu kutoka kwenye bunduki, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha gurudumuni na kukaza nati yake. Akashika pampu. Mpini ukashuka mpaka chini bila ubishi wowote. Akarudia. Akaniangalia.

“Shemeji, hii imekufa.”

Baba yangu alinifundisha kwamba pampu hukuambia ugonjwa wake kupitia mpini. Mpini ukishuka mwepesi, ngozi haishiki. Ukipanda wenyewe baada ya kuusukuma, valvu ya chini haifungi, upepo unarudi. Ukiwa mgumu na tairi halijai, njia imeziba. Na mpini ukiwa mzuri, tairi likajaa, kisha asubuhi ukalikuta limelala, pampu haina kosa: nenda kwenye kimpira cha valvu. Nimeona mafundi wazima wakikata mipira ya ndani na kubandika viraka visivyo na kazi kwa sababu hawakuuliza mpini kwanza.

Nikafungua pampu. Ngozi ilikuwa imewekwa juu chini, mdomo wa kikombe unaangalia mbinguni. Namna hiyo haisukumi upepo kabisa, inauvuta tu. Kuigeuza ni kazi ya dakika chache. Lakini ukingo wake ulikuwa umepasuka, na mpasuko haukuwa wa siku ile. Tulikuwa tumeingia kiangazi. Ngozi isiyopata mafuta hukauka, husinyaa, na siku moja hukatika pale inapokunjika. Upepo hafifu alioulalamikia mwanangu ulitoka hapo.

Ngozi mpya ya pampu haiuzwi Kabambare kila siku. Sokoni kuna betri, kuna vocha za simu, kuna nyembe. Kikombe cha ngozi kinachotosha kwenye kiganja cha mtoto, ambacho bila hicho gunia haliondoki, hukikuti. Jambo hili huniudhi sana. Wafanyabiashara huleta kinachong'aa, na sisi wanunuzi hatuwaulizi kinachofanya kazi.

Mume wangu ni mwalimu. Alikuwa amekaa mlangoni anasahihisha madaftari, viatu vyake vya kazi kando yake. Nikavitazama vile viatu, naye akaniona ninavyovitazama.

“Mama watoto, chukua ulimi. Kiatu kitaendelea bila ulimi.”

Ulimi wa kiatu cha zamani ni ngozi bora kwa kazi hii, kwa sababu umelainishwa na miaka ya kuvaliwa na bado ni mzito. Niliukata duara kubwa kidogo kuliko silinda, nikatoboa katikati, nikauloweka katika maji ya vuguvugu mpaka ukawa laini. Kisha nikauweka juu ya mdomo wa silinda na kuusukuma ndani kwa kitako cha chupa ndogo ya dawa, ukajikunja wenyewe kuwa kikombe. Nikauacha hapo ukauke karibu na jiko, lakini si juu ya moto, maana ngozi iliyopikwa huwa gome. Usiku ulipoingia nikapunguza kingo kwa wembe na kuomba mafuta kwa bibi.

“Mafuta gani, na yangu yamemwagika?”

“Si mawese, mama. Ya mbarika.”

Bibi huweka chupa ya mafuta ya mbarika kwa ajili ya nywele. Ngozi ikayanywa. Nikafunga kila kitu, mdomo wa kikombe chini, na shemeji akasukuma. Mpini ukabishana naye. Tairi likainuka, likawa gumu, akalipiga kwa gongo na likalia vizuri. Magunia yakafungwa. Watu wakaenda kulala.

Sikupata usingizi wa kunitosha. Mume wangu, aliyetoka usiku kwenda kutawadha, ndiye aliyebonyeza tairi kwa kidole na kuniita. Lilikuwa limelegea. Nikatia mate juu ya mdomo wa valvu na kusogeza tochi ya simu. Pakatoka povu, taratibu, moja baada ya jingine.

Valvu ya baiskeli zetu ni ya aina ya kale na ni rahisi mno. Kiini chake ni kijiti cha chuma chenye tundu ndani, na tundu hilo linatokea ubavuni. Juu ya ubavu huo huvikwa kimpira chembamba, cha kubana. Unapopiga pampu, upepo hutoka ubavuni, huinua kimpira na kupita. Unapoacha, upepo uliomo tairini hukigandamiza kimpira juu ya tundu, na kadiri tairi lilivyojaa ndivyo kinavyobana. Hakuna springi, hakuna skrubu. Lakini kimpira hicho ndicho kila kitu, na chetu nilipokichomoa kilikuwa kimevimba, kimelegea, kinanata vidoleni. Mawese.

Hapa ndipo watu wengi huharibu pampu na valvu kwa mkono mmoja. Ngozi inapenda mafuta, mpira unayachukia. Mawese, petroli na grisi huuingia mpira wa asili, huuvimbisha na kuulainisha mpaka hauna nguvu ya kujirudisha. Ukipaka ngozi mafuta yoyote uliyonayo, yale matone yanayosukumwa chini pamoja na upepo hufika kwenye valvu, na baada ya muda unashangaa tairi linalala kila usiku. Mafuta ya mbarika ni afadhali. Mume wangu aliniambia, pale pale gizani, kwamba mafuta ya breki ya magari ya zamani yalichanganywa na mbarika kwa sababu hiyo hiyo: hayali mpira. Baba yangu hakujua habari za breki. Alijua tu kwamba taa alizozipaka mbarika hazikurudi mapema.

Tukatafuta kimpira. Jirani yetu mkunga alikuwa macho, ana mzazi. Akatupa glavu moja. Nikakata kidole chake, nikakizungusha kwenye kiini na kukaza kwa uzi. Kilishika kwa muda, kisha kikaanza kuvuja kwenye mikunjo, kwa maana valvu hii haitaki mkunjo hata mmoja. Upepo hufuata mkunjo mpaka nje.

Mama mkwe ndiye aliyetuokoa. Mlango wa ghala lake la karanga unafungwa kwa vipande vya mipira ya ndani ya baiskeli ambazo hata marehemu baba mkwe alikwisha kuzisahau. Kimoja kilikuwa bado na shina lake. Kiini kilikuwa na kutu, na kimpira kilikuwa kimepasuka pale pale juu ya tundu, kama vinavyopasuka vyote. Lakini kimpira huvalishwa kirefu kuliko tundu, na mkia wake ulikuwa mzima. Nikakivua, nikakata sehemu mbovu, nikakilowesha kwa mate na kukisukuma kwenye kiini chetu kilichosuguliwa kwa sabuni na maji ya moto mpaka kimekwisha harufu ya mafuta. Ile sehemu nzima ikakaa juu ya tundu.

Nikiwa nimekishika kitu hicho kati ya vidole viwili, kisichofika urefu wa ukucha, nilifikiri jinsi kilivyofika hapa. Dunlop alipopata hataza ya tairi lake la upepo huko Belfast mwaka 1888, nchi hii ilikuwa imeshaitwa mali ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, na kiu ya matairi ndiyo iliyoufanya mpira wa misitu ya Kongo uwe na bei. Mpaka mwaka 1908 utawala wa Leopold ulipokoma, watu walilazimishwa kugema mipira ya mwituni, wakapigwa, wakakatwa mikono, vijiji vikachomwa. Tairi za dunia zilizunguka kwa mpira wa hapa pia. Na usiku ule katika mtaa mzima wa Kabambare hapakuwa na kimpira kipya cha kuuzwa. Naliandika hili kwa uchungu, wala sitaki kuupunguza.

Alfajiri watu wa msafara walipoanza kuitana barabarani, shemeji alikuja kuongeza upepo wa mwisho. Akasukuma, na mpini ukapanda wenyewe mikononi mwake.

“Valvu ya chini,” akasema mwanangu, ambaye hakuna aliyemwuliza. Alikuwa amelala jikoni karibu yangu, na yale niliyokuwa nikiyasema kwa sauti wakati wa kazi aliyasikia yote.

Alikuwa sahihi. Kitako cha pampu kikafunguliwa: gololi ndogo inayoziba tundu ilikuwa imenatwa na pumba za mchele zilizoganda na mawese, haikai sawasawa. Akaiosha mwenyewe kwa maji ya sabuni, akaikausha na shuka yake, akairudisha. Mpini ukatulia. Shemeji akajaza gurudumu, akatia mate kwenye valvu, tukasubiri. Hakuna povu. Akaondoka nyuma ya baiskeli ya tatu, na nikasimama mpaka magunia yangu yalipopotea kwenye kona.

Mtoto hakupigwa. Bibi alitaka kujua nani atayalipa mawese, na hilo lilikuwa swali la haki. Yalilipwa kutoka kwenye mchele. Lakini baba yake alimkalisha na kumwuliza bunduki ilikuwa ya nini. Akajibu: ndege. Mpunga wa msimu wa pili kwenye shamba letu la bondeni ulikuwa unatoa masuke, na wanaokaa huko tangu asubuhi mpaka jioni kurusha mawe na kupiga mabati ni watoto, na kila siku anayolinda mpunga ni siku ambayo hakukaa darasani. Alifikiri bunduki moja yenye mshindo ingefanya kazi ya watoto wanne.

Mume wangu akanyamaza. Kisha akamweleza kwamba bunduki za upepo zimewahi kwenda vitani. Mnamo mwaka 1780 jeshi la Austria lilichukua bunduki iliyobuniwa na Girandoni. Kitako chake kilikuwa ndilo tangi la upepo, na kulijaza kulihitaji kusukuma pampu karibu mara 1,500. Ilipiga risasi nyingi mfululizo bila moshi. Lewis na Clark waliibeba bunduki ya upepo walipovuka Amerika kati ya mwaka 1804 na 1806. Lakini jeshi lilichoshwa nayo, na sababu mojawapo ilikuwa ngozi za kuzibia tangi zilizotakiwa kuwekwa na unyevu wakati wote, maana zikikauka upepo unakimbia. Za leo zenye nguvu hushindiliwa upepo mara 200 ya ule unaotuzunguka, na hata hizo hulazwa na chembe moja ya mchanga: inakaa kati ya valvu na kiti chake, inakwaruza, na bunduki iliyojazwa jioni inaamka tupu.

“Basi yangu imekwaruzwa wapi?” mtoto akauliza.

Tukaitazama. Mdomo wa ndani wa lile bomba la chuma ulikatwa kwa msumeno na haukusuguliwa. Kizibo cha kandambili kilikaa juu ya meno. Nikampa jiwe la kunolea, akausugua mdomo huo mpaka ukawa laini, na kizibo tukakipa umbo la koni ili upepo wenyewe ukibane badala ya kukitoa. Sasa bunduki inashika upepo, na wakati wa kuvuta kamba inapiga mshindo unaoinua kundi zima la ndege kutoka upande mmoja wa shamba. Huinuka, huzunguka, hutua upande wa pili, naye hulazimika kukimbia huko na pampu. Kasoro iliyobaki ni hiyo, pamoja na kizibo chenyewe, ambacho kandambili yake huchakaa upesi sana kwa kuvutwa na msumari.

Shemeji alirudi kutoka Kasongo na karo, chumvi, na kimpira cha valvu cha kukata kwa sentimita, kipya, nilichokificha mbali na jiko na mbali na mafuta. Safari ijayo nimemwagiza ngozi mbili za pampu kama zitapatikana, na gololi moja kubwa kutoka kwa fundi yeyote anayevunja beringi za pikipiki, tuone kama itakaa kwenye lile bomba vizuri kuliko kandambili.